Uzi wa kuiaga The Grand Tour: wamemalizia kwenye chumvi ileile

GiaYaTatu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Ambaye hajatazama One for the Road, kipande cha mwisho cha The Grand Tour, kile kipindi cha magari cha Amazon, aishie hapa hapa, maana sitaficha kitu.

Kilitoka tarehe 13 Septemba 2024, na mimi nilikiweka kiporo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kila nikitaka kukifungua najikuta nimefungua kitu kingine. Nilikuwa najidanganya kwamba ilimradi sijakitazama, watangazaji wake watatu, Clarkson, Hammond na May, bado wako barabarani mahali fulani wakigombea ramani. Juzi usiku nikajikaza. Mpaka naandika hapa nimekitazama mara tatu: ya kwanza kama shabiki, koo limekaba, ya pili nikitafuta kasoro, nikazipata, ya tatu nikazima sauti kabisa nikayatazama magari peke yake.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonileta hapa.

Kila ninapopita nakuta watu wanaandika kuhusu urafiki, machozi, wazee watatu wanaagana. Sibishi, na mimi nilipangusa macho. Ila naona mwisho ule ulishaamuliwa kabla hata kamera hazijawashwa, siku ile walipochagua magari. Kila mmoja achukue gari ambalo siku zote alitamani kulimiliki. Clarkson akaja na Lancia Montecarlo. Hammond akaja na Ford Capri ya lita tatu. May akaja na Triumph Stag. Magari ya miaka ya 1970, yote matatu, na hakuna hata moja ambalo mtu mwenye akili zake angelichukua kuivuka Zimbabwe.

Kumbukeni walivyoanza. Novemba 2016, kipande cha kwanza kabisa, walizishindanisha McLaren P1, Porsche 918 na Ferrari LaFerrari kwenye mzunguko wa Portimão kule Ureno. Fedha za Amazon zilikuwa zinanukia mpaka kwenye skrini. Miaka minane baadaye mfuko ni uleule, wangeweza kuagiza chochote kinachotembea kwa magurudumu, wakaagiza matatizo.

Tuanze na Stag, maana hiyo ina kesi kubwa. Ni gari zuri mno kwa sura, limechorwa na Michelotti, Mwitaliano. Chini ya boneti Triumph walitia injini ya V8 ya lita tatu waliyoitengeneza wenyewe, na hapo ndipo kilio kilipoanza. Pampu ya maji wameiweka juu kabisa, katikati ya ile V. Maji yakipungua kidogo tu kwenye rejeta, yenyewe ndiyo ya kwanza kukauka, inabaki inazungusha hewa. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni za alumini. Injini ikichemsha, hedi zinapinda, gasketi inaungua, na mwenye gari anasimama pembeni akitazama mvuke. Zilitengenezwa karibu 26,000 kati ya 1970 na 1977, na wenye nazo wengi walichoka, wakaitoa injini ile na kuweka nyingine. Moja ya injini walizopenda kuweka ilikuwa ile V6 ya Ford iitwayo Essex, ambayo ndiyo iliyokuwa ndani ya Capri za lita tatu. Yaani Stag nyingi duniani zilitembea na moyo wa gari la Hammond. Nilipolikumbuka hilo nikiwa nimezima sauti nilicheka peke yangu gizani.

Montecarlo nayo ina historia yake. Injini iko katikati, nyuma ya dereva, kwa hiyo mbele ni nyepesi. Ukikanyaga breki kwenye maji, magurudumu ya mbele yanagoma kuzunguka, gari linateleza kama sabuni. Lancia wakasimamisha uzalishaji mwaka 1978, wakarudi 1980, na tiba waliyokuja nayo ni kuondoa kisaidizi cha breki. Ndiyo, waliondoa. Mwaka 1981 likafa rasmi. Capri sina neno nayo, ndiyo yenye afya kati ya zote tatu, na kwa Hammond hilo lenyewe ni kichekesho, maana yeye ndiye mwenye historia ya hospitali.

Sasa chumvi. Waliopo hapa tangu zamani wanajua safari iliyowafanya wawe wao: Botswana, ilionyeshwa Novemba 2007, wakiwa bado Top Gear, kipindi chao cha zamani cha magari pale BBC. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema: nunua gari hukohuko Afrika kwa pauni 1,500 zisizidi, lisiwe la kuendesha magurudumu yote manne, livuke nchi mpaka mpaka wa Namibia. Clarkson akachukua Lancia Beta ya mwaka 1981, May Mercedes 230E, Hammond Opel Kadett ya mwaka 1963 ambayo aliipa jina Oliver kabla siku hazijapita. Katikati ya njia kuna Makgadikgadi, uwanja wa chumvi ambao jicho halifiki mwisho wake. Juu ni gamba jeupe, gumu, linadanganya. Chini yake ni tope. Gari likiwa zito gamba linapasuka na tairi zinazama. Basi Clarkson na May wakaanza kuyakatakata magari yao ili yawe mepesi, milango ikang'olewa, vioo vikatoka, na vumbi la chumvi likawaingia mpaka kwenye meno. Hammond akakataa kumgusa Oliver. Akasema hapana, akaendesha hivyohivyo, na Oliver akapita.

Baadaye Oliver alizama mtoni, Hammond akakesha akimfufua. Kisha akamsafirisha mpaka Uingereza, na bado anaye.

Enzi hizo nilikuwa nasoma, nalala kitanda cha chini. Wa kitanda cha juu ndiye aliyekuwa na kompyuta, na kipande kile alikipata kwenye flashi, picha imepauka, sauti inatangulia midomo. Tulikitazama tumebanana, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tukagombana. Yeye alisema Hammond ni mpumbavu, gari ni chuma, kata milango upone. Mimi nikasema mtu akishalipa jina gari lake hawezi kulikata. Ugomvi ule ulidumu muhula mzima, sitanii. Hatujawasiliana miaka sasa, si kwa ubaya, maisha tu.

Ndipo mwaka 2024 wanaivuka Zimbabwe, wanaingia Botswana, na unaona kwa mbali ule weupe. Wanamalizia Makgadikgadi, kwenye kisiwa cha Kubu. Kisiwa kisicho na maji: jabali la mawe limejitokeza katikati ya chumvi, juu yake mibuyu minene, isiyo na haraka. Kubu ni kiboko kwa Kitswana. Kiboko wa mawe, amezungukwa na bahari iliyokauka. Nilipoona mibuyu ile nilisimamisha picha nikaenda kunywa maji.

Kwa hiyo swali langu kwenu: walimaliza vizuri, au walituchezea tu kumbukumbu zetu? Mimi nina jibu langu ila naogopa ni la mtu wa kitanda cha chini.


SpanaMkononi

Mleta mada umenena, hasa kuhusu Stag. Mimi ni fundi, na nitaongeza jambo moja tu. Stag si gari baya, ni gari lisilosamehe. Rejeta ikiwa safi, maji yakikaguliwa kila asubuhi injini ikiwa ya baridi, na mnyororo wa taimingi ukibadilishwa mapema, linaishi. Watu waliliendesha kama magari mengine, kesho nitaangalia, keshokutwa nitaangalia. Likawajibu.

Na nyie wengine, gari likichemsha msikimbilie kufungua kifuniko cha rejeta. Nimeona mikono.

Ila kuna kitu Clarkson amekisema ambacho mimi kinanikera na hamjakigusa. Alisema hadharani kwamba sehemu ya sababu ya kuacha ni kwamba magari ya umeme hayamvutii, kwake ni kama mashine za kufulia au majiko ya maikrowevu, huwezi kukaa ukayachambua. Namheshimu mzee, lakini hapo kateleza. Nimeshughulika na gari la umeme lenye betri kubwa iliyojaa, lingeweza kutembea kilomita mia tatu, limelala barabarani kama maiti. Kisa? Kile kibetri kidogo cha volti 12 kinachoamsha kompyuta yake kimekufa. Mwenye gari kavaa suti, kasimama pembeni, milango haifunguki, simu inasema gari liko salama. Niambieni kama hicho si kipande cha nusu saa cha Top Gear. May angekaa pale akilieleza kwa dakika arobaini, Hammond angeshaondoka.

Wamechoka, basi. Waseme wamechoka.


Mpitaji

Uzi mrefu. Mwenye muhtasari?


Boneti

@Mpitaji Wazee watatu, magari matatu, chumvi.


NjiaPanda

Samahani nitamwaga mchanga kwenye kitumbua. Nyie mnalia, lakini kila kitu pale kimeandikwa. Hammond anapokwama, imepangwa. May anapopotea, imepangwa. Clarkson anapogonga kitu nyuma ya mwenzake, kamera ziko nne zinamsubiri. Hata kurudi Makgadikgadi ni hesabu: mtu mzima akioneshwa mahali alipokuwa kijana, atalia tu. Ni biashara nzuri, nawapongeza, ila tusiite ukweli.


GiaYaTatu

@NjiaPanda kaka, kuandikwa kumeandikwa, nani alikuambia sijui? Misimu ya mwanzo ya The Grand Tour, ile ya studio ya hemani, ilikuwa imeandikwa mpaka inatia aibu. Yale mambo ya kuigiza kumuua mgeni maarufu kila wiki kabla hajafika kwenye kiti, nilikuwa naruka. Ila kuna vitu havikubali kuandikwa. Septemba 2006 kule Elvington, Hammond yuko ndani ya gari la injini ya jeti, tairi linapasuka kwenye mwendo wa kilomita zaidi ya 460 kwa saa, anaumia ubongo. Hiyo hakuiandika mtu. Juni 2017 kule Hemberg, Uswisi, amepanda mlima na Rimac Concept One, amevuka mstari wa kumalizia, gari linatoka barabarani, linabingirika bondeni, linawaka. Akatolewa na goti limevunjika. Nakumbuka nilivyosoma habari ile, sentensi ya kwanza haikusema kama yuko hai, nikawa natafuta ya pili kwa vidole vinavyotetemeka.

Na @SpanaMkononi, Rimac ile ni ya umeme, na betri zake ziliendelea kushika moto upya siku kadhaa baada ya ajali. Kwa hiyo mashine ya kufulia ilitaka kumuua rafiki yake. Labda ndiyo maana haipendi, haha.

Kwenye hoja yako lakini nakubali nusu. Kilichopotea si kuharibika, magari yataharibika milele. Kilichopotea ni ile fursa ya mtu wa kawaida kupiga magoti na bisibisi akalitoa gari pale lilipo. Oliver alizama mtoni akafufuka kwa usiku mmoja kwa sababu kila kilichokuwa ndani yake unaweza kukikausha kwa kitambaa. Kizamishe kibetri chako cha volti 12 na kompyuta zake tuone.


SpanaMkononi

@GiaYaTatu Hapo umenipata. Lakini kumbuka Kadett ile ilikaushwa kukiwa na timu nzima nyuma ya kamera, wenye vifaa. Fundi halali akifikiri Hammond alifanya peke yake.


NjiaPanda

Aah! Kumbe fundi na wewe uko upande wangu.


SpanaMkononi

Siko upande wa mtu. Niko upande wa gasketi.


DadaWaUsukani

Jamani nimesoma mpaka hapa nikingoja mmoja wenu aguse jambo hili, hamtaki. Nitaligusa.

Nami ni shabiki, tena wa zamani kuliko baadhi yenu. Lakini kila wakija Afrika nakaa kitini nikiwa nimejikunja kidogo, nasubiri sentensi itakayoniudhi. Machi 2013 walikuja kutafuta chanzo cha mto Nile, sehemu mbili, na magari ya kubebea familia: Clarkson na BMW, Hammond na Subaru Impreza, May na Volvo 850R. Uganda, Rwanda, mpaka Tanzania. Nilicheka na foleni ya Kampala, kweli nilicheka, ilikuwa foleni yenyewe, haikuongezwa chumvi. Lakini hadithi nzima ni ileile ya Speke mwaka 1858: Mwingereza kafika ziwani, basi ziwa limegunduliwa. Waliokuwa wanachota maji pale tangu zamani wako pembeni ya picha. Mwisho May akatangazwa mgunduzi. Ndiyo, ni utani, walikuwa wanajicheka wenyewe na mababu zao. Naelewa. Mtu anaweza kuelewa utani na bado akachoka nao.

Na tusisahau ile safari yao ya Burma, wakiwa Top Gear. Mwaka 2014 Ofcom, wasimamizi wa utangazaji wa Uingereza, waliamua kwamba neno moja la Clarkson pale darajani lilikuwa tusi la kibaguzi na lilitumiwa makusudi. Hiyo si hisia zangu, ni uamuzi.

Sasa nikasema, cha mwisho ni Zimbabwe, Mungu wangu, leo tutakoma. Nikangoja. Badala yake nikaona milima, barabara, mwanga wa jioni, watu watatu walionyamaza kuliko kawaida yao. Wapiga picha wao siku ile walifanya kazi ambayo bodi ya utalii ingelipia. Malalamiko yangu ya zamani yako palepale, watu wa nchi bado wanapita tu kandokando ya barabara. Ila kwa mara ya kwanza nilimaliza safari yao ya Afrika bila kujikunja. Sijui kama walikua au walizeeka.

Halafu, mleta mada, Capri unaisema "sina neno nayo" halafu unaruka? Lile boneti refu lile? Nusu ya gari ni boneti! Umekosa adabu.


Boneti

Naunga mkono. Kwa sababu za wazi.


GiaYaTatu

@DadaWaUsukani nakuomba radhi wewe na Capri. Kuhusu mengine sina la kupinga. Nilipoanzisha uzi nilitaka kuandika aya juu ya Burma nikaifuta, nikajiambia leo ni siku ya kuaga. Umefanya vizuri kuirudisha.


KitiChaNyuma

Mimi nashangaa mnaita hili ni mwisho. Tumeshawazika hawa watu mara tatu.

Mara ya kwanza ni 2015. Machi, ule ugomvi wa Clarkson na mzalishaji, BBC wakakataa kuendelea na mkataba wake. Kipande cha mwisho kikarushwa Juni. Nani anakikumbuka? Hammond na May peke yao, studio tupu, hakuna hata mtazamaji mmoja, na nyuma yao sanamu ya tembo mkubwa. Waingereza wana msemo wao kuhusu tembo aliyemo chumbani ambaye kila mtu anamwona na hakuna anayemtaja. Wale mabwana wakaleta tembo kweli! Kisha wakaonyesha video zilizobaki na wakaondoka. Hakuna kwaheri. Nilikaa natazama majina yanapita, nikasema haiwezekani, miaka tangu 2003 wakiwa watatu, yaishe hivi? Kama ndugu aliyetoka kwenda dukani.

Mara ya pili Aprili 2019, walipofunga hema. Wakafanya mazishi ya Ford kubwa za familia, zile Cortina na Mondeo, ndani ya kanisa kuu la Lincoln. Mazishi ya gari, kanisani, na ilikuwa ya heshima kabisa. Baadaye hemani Clarkson akatangaza kwamba studio basi, sauti ikakatika. Clarkson! Mtu ambaye angekukanyaga mguu halafu akulaumu kwa kuuweka pale.

Hii ya 2024 ndiyo ya tatu. Na ninavyoona mimi ndiyo pekee waliyopewa nafasi ya kuipanga. Ya kwanza iliwaangukia, ya pili ilikuwa nusu, kwa sababu safari kubwa ziliendelea: boti za Vietnam, Madagaska, Mauritania. Hii walijua siku, walijua mahali, walijua nani anaendesha nini. @NjiaPanda anasema imeandikwa kana kwamba ni kosa. Mimi nasema afadhali. Nimeshaona kwaheri isiyoandikwa, ilikuwa na tembo.


NjiaPanda

@KitiChaNyuma ... sawa. Hiyo nimeikubali. Usiizoee.


MgeniHapa

Wakubwa shikamooni. Mimi nimezaliwa baada ya hiyo Botswana yenu kurushwa, msicheke. Niliwajua kupitia vipande vya dakika mbilimbili mtandaoni, hasa ile Hilux. Sasa nimetazama hiki cha mwisho kabla ya vingine na sikuelewa kwa nini kuna watu wanalia kwa sababu ya miti. Nianzie wapi?


KitiChaNyuma

@MgeniHapa marahaba. Umekula ukoko kabla ya wali, lakini hujachelewa. Hilux ile ya 2003 itazame yote: waliifunga baharini maji yakaifunika, wakaichoma moto, mwisho wakaiweka juu ya jengo refu na jengo likabomolewa nayo iko juu. Ikawaka. Fundi akiwa na vifaa vya kawaida tu, bila spea mpya. Kisha nenda 2007, mwaka ule walikuwa na wazimu: Julai ncha ya kaskazini ya sumaku, Novemba Botswana. Vietnam ya pikipiki mwaka 2008. Bolivia 2009, usiitazame kama unaogopa kimo. Patagonia ya mwishoni mwa 2014 itazame ukiwa umekaa vizuri, pale walikimbizwa kweli kwa sababu ya namba ya gari, na hapo ndipo mtu anaona utani unapogeuka.

Ukimaliza hiyo yote rudi kwenye miti.


DadaWaUsukani

@MgeniHapa na ile sheria yao uizingatie: ukiharibikiwa, unaachwa. Wenzako wanakucheka, wanaondoka. May ameachwa mara nyingi kuliko mizigo ya abiria. Mimi jambo hilo ndilo lililonifanya niwapende, ingawa najua linasikika vibaya. Hakuna kukumbatiana, hakuna hotuba. Halafu usiku unamwona aliyeachwa anaingia kambini peke yake, vumbi mpaka kwenye kope, na wale wawili wamemwekea kiti.


SpanaMkononi

Kiti na matusi.


DadaWaUsukani

Matusi ndiyo kiti.


GiaYaTatu

Nimerudi. Nimetazama mara ya nne, kwa ajili yenu.

Nataka kuongeza jambo dogo halafu niwaachie. Umri. Wakati Botswana inarushwa Hammond hakuwa amefika miaka 38. Hiki kinatoka Clarkson ana 64, May 61. Watazameni wanavyotoka kwenye magari. Montecarlo ni gari la chini, unakaa kama umelala kwenye beseni. Kijana anaruka nje. Clarkson, urefu ule, anatoka kwa awamu: mguu, mkono juu ya paa, pumzi, kisha mwili uliobaki. Hakuna aliyekiandika hicho, @NjiaPanda, hata wewe utakubali. Magoti hayafuati mwongozo wa mwandishi.

Nilidhani chumvi ndiyo itaniuma. Imeniuma ile mikono juu ya paa.


NjiaPanda

Magoti nakubali.


KitandaChaJuu

Nimejiunga leo ili nijibu uzi huu tu, nimetumiwa na mtu aliyeniambia "soma uone kama ni wewe."

Ni mimi. Ndoo ilikuwa ya bluu, haikuwa na mpini. Na sauti haikuwa inatangulia midomo, ilikuwa inachelewa, usiniharibie kompyuta yangu hadharani.

Nimekitazama hicho cha mwisho wiki ileile kilipotoka, peke yangu. Walipofika kwenye chumvi nikasema kwa sauti, ndani ya nyumba isiyo na mtu, "ng'oeni milango."

Hammond alikuwa mpumbavu, gari ni chuma. Nitumie namba yako faraghani tuendelee.


GiaYaTatu

Oliver alipita na milango yake yote. Nakutumia sasa hivi.